Nyama ya Upande wa Rufaida

Nyundo za Kamukunji zilikuwa zimenyamaza. Ndivyo watu wa Shauri Moyo wanavyojua kwamba jioni imeingia. Mchana kutwa mafundi hugonga mabati mpaka ukadhani kichwa kitapasuka, halafu wanaacha karibu wote kwa pamoja, na hapo ndipo unaposikia tena mambo madogo madogo, kama maji ya bomba la uani na watoto wanaoitwa nyumbani. Bwana Idarusi, fundi wa masanduku ya bati, alirudi na vumbi lake, akaoga, akaswali magharibi, kisha akaketi mkekani kungojea chakula. Mama yake alikuwa ameketi pale zamani. Wajukuu walimwita Bibi, majirani nao walimwita Bibi, na nadhani wengi wao hawakuwahi kulijua jina lake.

Waridi, mke wa Idarusi, alileta sinia. Katika nyumba ile hakukuwa na sahani ya mtu peke yake. Walikula wote watano kutoka sinia moja pana, ambalo Idarusi mwenyewe alilifua kwa nyundo mwaka aliooa. Bibi alikuwa na sheria mbili za kula. Ya kwanza, kila mtu ale mbele yake, asivamie upande wa mwenziwe. Ya pili, mtu asimtazame mwenziwe mdomoni. Kumtazama mtu anavyotafuna ni ufedhuli, alisema, na Bibi akishasema jambo ni ufedhuli, hakuna aliyebaki kuuliza kwa nini.

Waridi aligawa nyama kwa mkono, kipande hapa, kipande pale. Upande wa binti yake Rufaida aliweka minofu minene kuliko ya wote. Rufaida alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa muda sasa alikuwa akikonda. Shingo ilikuwa imekuwa nyembamba, macho yamekuwa makubwa, na mkanda wa sare yake ulikuwa umetobolewa matundu mapya na baba yake kwa msumari, tundu moja baada ya jingine.

Walisema bismillahi, wakala, kila mmoja ameinamia mbele yake. Rufaida alifinyanga tonge dogo, akalipeleka mdomoni, akalirudisha siniani likiwa vilevile. Kisha kidole chake kikatambaa chini ya wali na kuisukuma ile minofu, taratibu, mpaka upande wa kulia. Upande wa kulia alikaa kaka yake, Junaid. Junaid aliichukua nyama akala. Wali nao ukafuata, naye akaula pia.

Baadaye Waridi alitupa jicho mahali pa Rufaida akaona bati tupu linang'aa. "Alhamdulillahi," alisema. "Amemaliza."

"Anamaliza," Bibi alijibu, "lakini hakikai mwilini. Mtoto anakula na bado anakwisha. Kuna kitu kinamla."

Junaid alikuwa bado na nyama mdomoni. Ilimchukua muda mrefu kuimeza.

Ilikuwa imeanza kama mchezo. Jioni moja kwenye bomba, Rufaida alimnong'oneza, "Nikikusukumia nyama yangu utakula? Lakini usimwambie Mama." Na tuseme ukweli, ni mvulana gani wa miaka kumi na mitatu angekataa? Junaid alicheza mpira kila siku baada ya shule, na njaa aliyorudi nayo ilikuwa ya kutisha. Alisema sawa. Kilianza kipande kimoja, vikawa viwili, ukaja wali, ikaja ugali na mboga. Junaid alizidi kunawiri. Bibi alimsifu kwamba anakua kama baba yake, naye hakujua aangalie wapi.

Wiki zilivyopita, mchezo uliacha kuwa mchezo. Rufaida alivaa sweta wakati wenzake wanatafuta kivuli. Kila alipochana nywele, kitana kilijaa. Zamani alikuwa hodari wa mchezo wa kati, ukimrushia mpira humpati, lakini sasa alikaa kizingitini akiwatazama wenzake wakicheza, na wakimwita anatikisa kichwa. Junaid aliyaona yote hayo. Kila jioni alijiambia leo sitakula chake, na kila jioni nyama ikaja, na akala.

Daktari Obura wa kituo cha afya alimpima damu, choo na mkojo. Hakupata minyoo, hakupata amiba wala homa ya matumbo. Waridi alipoambiwa hakuna kitu, hakufurahi hata kidogo. Ugonjwa wenye jina angalau una dawa. Aliamua kufanya lile aliloliweza, kwa hiyo uji wa wimbi wa kila asubuhi, ambao tangu awali aliutia maziwa, sasa aliupika kwa maziwa matupu, akamwagia na maziwa ya unga juu yake, akasimama mbele ya binti yake mpaka kikombe kikauke. Uzito ulipozidi kushuka, alinunua kikombe kikubwa zaidi.

Bibi naye alikuwa na maelezo yake. Mlango wa pili aliishi Rispa, Mama Owiti, mwuza sukuma wiki. Kabla ya mambo haya kuanza, Rispa alikuwa amesema mbele ya watu, "Huyu Rufaida anazidi kuwa mrembo." Bibi alilikumbuka neno hilo. "Hakusema mashallah," alinung'unika. "Hilo lilikuwa jicho." Tangu siku hiyo aliamuru mlango ufungwe kila wanapokula, ingawa chumba kilijaa joto na giza. Akaacha kununua mboga za Rispa, na Rispa akimwamkia, anageuza uso.

Owiti alikuwa rafiki wa Junaid na beki wa timu yao. Alimngojea uwanjani.

"Niaje," Owiti alimsalimu bila kutabasamu, akaanza habari ya mama yake. "Mathe ananiuliza tumewakosea nini. Nyanyako anampita kama ukuta. Jana alilia."

"Sijui," Junaid alijibu.

"Kweli hujui?"

"Nimesema sijui."

Siku hiyo Junaid hakucheza vizuri. Aliporudi alimkuta Rufaida uani, ameegemea ukuta mahali palipobaki jua.

"Mimi namwambia Mama," alimwambia. "Unaumwa, na Bibi anamchukia Mama Owiti bure."

Rufaida hakupandisha sauti. "Ukisema, sitakula tena kitu chochote. Hata maji sitakunywa. Halafu watakuuliza hiyo nyama yote ilikwenda wapi. Utawajibu nini?"

Swali lile ndilo lililomfunga Junaid mdomo, na ni aibu kulisema. Alimhofia dada yake, ndiyo, lakini alijihofia na yeye mwenyewe.

Siku ya kurudi kwa daktari ilipofika, ilibidi Junaid aende nao, maana Rufaida hakuweza tena kutembea njia nzima bila kumwegemea mtu. Mizani ikasema uzito umeshuka tena. Daktari Obura alimsikiliza moyo kwa muda mrefu kuliko mara zote.

"Mama Junaid, sikufichi," alisema. "Moyo wa mtoto hauvumilii kukonda namna hii. Nikimpima tena na uzito umeshuka, ninamlaza. Kabla ya hapo, nataka aonane na Bi Vivian, mtaalamu wetu wa lishe. Mimi nimetafuta ugonjwa. Yeye atatafuta chakula kinakwenda wapi."

Bi Vivian alikaa katika chumba cha mwisho, penye mizani nyingine na kabati la vikombe na miiko ya kupimia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, lakini maswali yake hayakuisha. Jana mtoto alikula nini? Kiasi gani? Saa ngapi? Tumbo lilisemaje baadaye? Waridi alijibu yote. Uji kikombe kikubwa. Mchana ugali na mboga. Usiku wali na nyama, akamaliza mbele yake pakabaki peupe.

"Na wewe, mama, unasemaje?" Bi Vivian alimwuliza Rufaida.

Rufaida alitazama viatu vyake. "Nakula."

Bi Vivian alimgeukia Junaid. "Wewe ni kaka yake, mnakaa karibu. Dada yako anakula?"

Hapa ndipo ilipokuwa nafasi yake. Mama yake alikuwa pale, mtaalamu alikuwa pale, na Rufaida alikuwa amemkazia macho.

"Anakula," Junaid alisema.

Bi Vivian hakuandika neno hilo. "Mnajua," alisema, "nyote watatu mnaniambia anakula. Mizani inaniambia hali kitu. Sina cha kufanya mpaka nijue nani kakosea. Nikimpangia chakula na hicho chakula hakimfikii tumboni, nitakuwa nacheza tu, na yeye hana muda wa mimi kucheza." Alimgeukia Waridi. "Hebu niambie, Mama Junaid, nyumbani kila mtu ana sahani yake?"

"Sahani? La, sisi tunakula sinia moja. Ndivyo tulivyolelewa."

"Ni desturi nzuri. Jumamosi mchana naweza kuja kula nanyi?"

Waridi alisahau huzuni yake kwa dakika moja. Mgeni ni mgeni. "Karibu sana, dada. Nitapika pilau."

Jumamosi ilifika bila kuulizwa. Nyumba yote ilinukia iliki na bizari, harufu ambayo siku nyingine ingemfanya Junaid aimbe, lakini leo alikwenda kukaa uani asiisikie. Bi Vivian aliingia akavua viatu, akasema "Shikamoo, Bibi," akaitikiwa marahaba, akakaa mkekani bila kuombwa mara mbili. Walimweka mahali pa heshima, mkabala na watoto. Sinia likaja limejaa. Waridi akagawa nyama, ya mgeni na ya Rufaida zikiwa nono kuliko zote.

"Funga mlango, Junaid," Bibi alisema.

Junaid aliinuka. Nje, Rispa alikuwa ameketi mbele ya mboga zake, akizitazama kama mtu asiyetaka kuonekana akitazama mlango wa wengine. Macho yao yalikutana. Rispa alianza kuinua mkono kumpungia, halafu akaushusha. Junaid alifunga mlango, na chumba kikaingia giza.

Walisema bismillahi. Bi Vivian alikula kwa mkono, taratibu, akamsifu mpishi. Alishika adabu ya nyumba, hakumtazama mtu yeyote mdomoni. Alikuwa akilitazama sinia.

Kidole cha Rufaida kilianza safari yake. Junaid alikiona kinakuja chini ya wali, na mbele ya kidole nyama, mpaka ikasimama upande wake. Ilikuwa nyama laini, yenye mafuta kidogo pembeni. Alimtazama dada yake mkononi, akauona mkono wenyewe, mifupa ya vidole ikihesabika, na kwenye kiganja hata ngozi imelegea. Alijiuliza kitabaki nini cha kusukuma nyama wiki ijayo.

Aliuondoa mkono wake siniani, akauweka gotini.

Rufaida alimfinya paja. Junaid hakusogea. Alifinywa tena, kwa nguvu zaidi. Nyama ilibaki pale ilipo, na baba, aliyekuwa amemaliza upande wake, akaiona.

"Junaid, leo huli?" Idarusi aliuliza.

"Hii nyama si yangu, Baba."

"Si yako vipi? Iko mbele yako."

"Ni ya Rufaida. Amenisukumia." Alikuwa ameshaanza na hakuna pa kurudi. "Kila siku ananisukumia. Nyama na wali na ugali. Yeye hali kitu, anajifanya tu. Mimi ndiye ninayekula. Kliniki nilisema uongo. Na Mama Owiti hana jicho, Bibi. Hakuna kitu kinachomla Rufaida. Ni mimi ninakula chakula chake."

Waridi alibaki na tonge hewani, wali ukimdondoka. Rufaida alisimama ghafla, labda alitaka kukimbilia uani, lakini miguu haikumbeba. Alipiga magoti, akaanguka ubavu. Baba yake aliruka akamwinua. Idarusi alizoea kubeba mabati begani tangu ujana wake, na alipomwinua binti yake alishtuka, kwa sababu alikuwa amejiandaa kubeba kitu kizito zaidi. Alimpakata vile vile, akalia mbele ya mgeni.

Bi Vivian alishaketi karibu yao. Alimnywesha Rufaida maji yenye sukari na chumvi kidogo, mkupuo mmoja mmoja. "Hakuna atakayekugombeza," alimwambia. "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Tumbo lako huuma lini?"

Rufaida alificha uso kifuani kwa baba yake. "Asubuhi," alisema mwishowe. "Baada ya uji. Linavimba, linaunguruma, kisha linakata."

"Halafu?"

"Siku moja nilikuwa nasoma mbele ya darasa. Nikashindwa kujizuia." Machozi yalimshuka. "Wenzangu waliziba pua. Mpaka leo kuna mmoja akiniona anaziba pua. Nikasema nisipoweka kitu tumboni, hakitatoka kitu. Uji siwezi kuukataa, Mama anasimama pale. Kwa hiyo nikaacha vingine."

Waridi alishika kichwa. "Uji? Uji nauwekea maziwa nimpe nguvu. Alivyokonda nikaongeza. Ya Rabi, ni mimi."

"Wewe ulimpa ulichojua ni kizuri," Bi Vivian alimjibu. "Na maziwa ni mazuri, kwa tumbo linaloyaweza. Yana sukari yake ndani. Mtoto mchanga ana kitu tumboni cha kuivunja ile sukari, lakini watu wengi wakikua, kitu hicho kinapungua. Hapa kwetu ni wengi sana, na wengi hawajui. Sukari ikikosa kuvunjwa inachacha tumboni, na ndiyo hiyo gesi, ndiyo huko kukata na kuendesha. Nadhani ndilo tatizo la Rufaida, na tutahakikisha kwa kuyaondoa maziwa tuone. Tatizo hilo peke yake halimkondeshi mtoto hivi. Hili la pili ndilo lililokuwa likimmaliza, la kuogopa chakula. Alikiogopa kinachomuumiza na kisichomuumiza, vyote pamoja, na hakumwambia mtu."

"Basi leo hatapewa maziwa, atapewa pilau ya kutosha," Bibi alisema, akivuta sinia.

"La, Bibi, samahani. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu, ukiujaza ghafla unaweza kuudhuru zaidi. Sasa hivi tunampeleka kwa Daktari Obura. Chakula kitarudi kidogo kidogo, na mimi nitakuwa nakipima."

Rufaida alilazwa. Mlango wa nyumba uliachwa wazi siku zile, hata wakati wa kula, na hakuna aliyekumbuka kuufunga. Junaid alikula upande wake tu. Upande wa Rufaida waliuacha wazi, na wali uliomwagikia pale haukuguswa na mtu. Junaid alipokwenda kumtembelea, dada yake alimgeuzia mgongo. Akaenda tena, akamgeuzia tena. Mara ya tatu alimwuliza, bila kugeuka, kama timu yao ilishinda. Junaid akamwambia walifungwa kwa uzembe wa Owiti, na akaona mabega yake yakicheka.

Rufaida aliporudi nyumbani, Bi Vivian alikuja naye na mpango wake. Uji ungepikwa kwa maji, na siagi ya njugu ndani yake. Mayai, maharagwe, na omena, wale dagaa wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maana mifupa ya mtoto bado inataka kile ambacho wengine wanakipata kwenye maziwa. Baadaye wangejaribu maziwa lala, yale yaliyoachwa yakaganda, kijiko tu, waone tumbo litasemaje. Kila wiki Rufaida angeonana na mshauri wa watoto kituoni, kuzungumza juu ya ile hofu na ile siku ya darasani, kwa sababu hofu haitibiwi kwa mayai. Hayo yote Bibi aliyakubali. Lile la mwisho ndilo alilolikataa.

"Lazima awe na chombo chake," Bi Vivian alisema. "Nijue kilichoingia na kilichobaki."

"Sahani ya peke yake?" Bibi alikunja uso. "Katika nyumba hii? Anayetengewa sahani ni mtu aliyegombana na wenziwe. Mtoto huyu keshaaibika shuleni, mnataka na nyumbani tumtenge?"

Bi Vivian hakubishana naye. Idarusi alikuwa akiyasikiliza yote. Kesho yake, nyundo za Kamukunji ziliponyamaza, alirudi na bakuli dogo la bati, kitako chake kimesawazishwa, midomo yake imekunjwa ndani isimkate mtu. Aliliweka juu ya sinia, upande wa Rufaida. Lilikaa bila kuyumba. Bibi alilisukuma kwa kidole kulijaribu, akaona halitoki.

"Liko ndani ya sinia," Idarusi alisema.

"Naona," Bibi alijibu. "Sijawa kipofu." Akamwagia wali ndani yake yeye mwenyewe.

Haikuwa rahisi, na asiwadanganye mtu. Kuna siku Rufaida alilia juu ya kile kibakuli. Kuna siku alikipindua, na Waridi akaondoka kwenda uani ili asiseme neno baya. Lakini tumbo lilikuwa limeacha kukata asubuhi, na hilo alianza kuliamini pole pole. Sweta likarudi kabatini. Siku moja alicheza kati, akachoka haraka, akakaa, akainuka tena.

Bibi alikuwa na lake la kufanya. Alikwenda kwa Rispa amebeba sahani ya mahamri, akaketi mbele ya mboga zake watu wote wakimwona. "Nimekuja kuomba radhi, mwanangu," alisema. "Nilikudhania vibaya."

Rispa alipokea sahani. "Bibi, mimi nilidhani sukuma wiki yangu ina wadudu." Wakacheka wote wawili, na Rispa akafuta macho kwa upindo wa leso.

Bi Vivian alikuja tena kula pilau. Mizani ilikuwa imempa habari njema, na mlango ulikuwa wazi. Kabla sinia halijaletwa, Junaid alimfuata kizingitini.

"Ungejua bila mimi kusema?"

"Nyama niliiona ikihama," Bi Vivian alisema. "Lakini kwa nini inahama, hilo nisingeliona. Dada yako hakuanza kuzungumza mpaka siri ilipokwisha. Sikiliza, Junaid. Mimi nina vitabu, nina mizani, najua chakula gani kinafaa tumbo gani. Vyote hivyo havinisaidii kama watu wa nyumbani wananificha. Mtu akikuomba umfichie jambo linalomuumiza, hata akikutishia, mwambie mtu mzima anayempenda. Atakukasirikia. Acha akukasirikie, akiwa hai." Alimshika bega. "Ulichelewa, na unajua umechelewa. Lakini ulisema nyama ikiwa bado mbele yako, na hujaila. Hilo halikuwa jambo dogo kwa mtoto mwenye njaa yako."

Waliitwa mkekani. Wakasema bismillahi. Rufaida alikula kilichokuwa katika bakuli lake, bila haraka, mpaka akafikia bati. Bi Vivian aliangalia pembeni makusudi. Kisha Rufaida akanyoosha mkono nje ya bakuli, akavuka mpaka upande wa kaka yake, akachukua mnofu mkubwa kuliko yote uliokuwa pale, akautia mdomoni.

Junaid alimtazama mama yake. Waridi alimtazama Bibi, mwenye sheria ya kila mtu ale mbele yake. Bibi alikuwa ameinama, anatafuta chumvi ambayo ilikuwa karibu na goti lake.